Darasa la Mwalimu wa Bunge, Ngamiani: Rais wa Marekani alipobishana na wabunge juu ya fedha za vita, nami nikiwa Spika

Wazazi wenzangu wa Tanga mnaotafuta pa kuwapeleka vijana wanaorudia kidato cha nne, hasa Uraia na Historia, kituo hiki naweza kukisemea kwa sababu nimekikalia benchi, sikuhadithiwa. Kipo Ngamiani, barabara ya 14, chumba cha uani kwenye nyumba ambayo mbele yake yupo fundi baiskeli. Bango hakuna. Ukifika uliza kwa Mwalimu wa Bunge, hata watoto wanaocheza nage watakuonyesha.

Nianze na yanayogusa mfuko. Somo moja ni Sh 15,000 kwa mwezi, mawili Sh 25,000. Anapokea taslimu au kwa simu, na risiti anaandika palepale. Hilo la risiti nimelipenda kuliko mengine yote. Nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza mpaka nikastaafu, na anayepokea hela ya mtu bila kuandika karatasi simwamini, hata akiwa na sijda kwenye paji la uso. Fotokopi za maswali analipisha pembeni, Sh 150 kwa ukurasa, wakati duka la mtaa wa pili ni Sh 100. Nilimwambia. Akacheka, akasema, "Mama, hiyo hamsini ndiyo nauli yangu." Sawa, lakini aiandike kwenye ada tuijue.

Chumba kinabeba vijana ishirini wakibanana. Feni ni moja, na inazunguka kwa hiari yake. Mbu wapo, kwa hiyo binti avae kitu kirefu. Umeme ukikatika anawasha taa ya sola na somo linaendelea, tena hapo ndipo wanapotulia zaidi. Choo ni kimoja, kisafi, maji yapo kwenye pipa. Mlangoni anakaa mama wa mihogo ya kukaanga yenye chachandu kali, na hiyo peke yake ingetosha kunitoa Mabawa hadi huko.

Mimi sikwenda kusoma. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anarudia mtihani kama mtahiniwa binafsi, na darasa linatoka saa mbili usiku. Siwezi kumwachia arudi peke yake, na bodaboda wa usiku siwajui wote. Basi nikawa namsubiri benchi la nyuma. Mwalimu hakuniuliza ada ya kusubiri, ila aliniwekea sharti: anayekaa ndani ajibu akiulizwa.

Mwalimu mwenyewe ni kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, akasubiri ajira ya serikali mpaka akachoka kusubiri. Anaongea taratibu, hapigi, hatukani. Ana kasoro ya kujibu simu katikati ya somo. Ubao wake ni wa kupaka rangi nyeusi ukutani na maandishi yake yanasomeka mpaka nyuma, jambo ambalo walimu wengi niliowaona hawaliwezi.

Sasa zoezi lililonifanya niandike haya. Mada ilikuwa mihimili mitatu ya dola. Kwenye vitabu vya Uraia mada hii ni ya kukariri: Serikali inatekeleza, Bunge linatunga sheria, Mahakama inatafsiri, nukta. Mpwa wangu anaijua kama Fatiha, na bado swali la kueleza "kwa mfano" linamtoa jasho. Mwalimu akasema mihimili haieleweki ikiwa imekaa kimya, lazima uitazame siku inaposukumana, na akachagua msukumano wa Marekani wa mwaka 2007, Rais na Bunge wakigombania fedha za vita vya Iraq. Kijana mmoja akauliza kwa nini tuende mbali hivyo. Akajibiwa: kwa sababu kule waligombana hadharani na kila kura imeandikwa kwa tarakimu, hakuna haja ya kubahatisha.

Karatasi aliyogawa ilieleza hivi. Novemba 2006 chama cha Democrat kilishinda mabaraza yote mawili ya Bunge, Wawakilishi na Seneti, Rais akiwa George W. Bush wa chama kingine, Republican, na vita vikiwa katika mwaka wa nne. Januari 2007 Nancy Pelosi akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Siku chache baadaye, tarehe 10, Rais akatangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000 Iraq. Wapiga kura wameonyesha kuchoka na vita, yeye anaongeza watu. Lakini askari anakula, na risasi zinanunuliwa, na Katiba yao ya 1787 haikubali hela kutoka hazina bila sheria iliyopitishwa na Bunge. Tena fedha za jeshi la nchi kavu haziruhusiwi kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka 2 kwa mkupuo. Waliotunga walikuwa wameona wafalme wenye majeshi ya kudumu, wakaamua jeshi lirudi kuomba mara kwa mara. Basi Rais akaomba takriban dola bilioni 100 za nyongeza.

Mwalimu akagawa nafasi. Rais akawa kijana wa bodaboda, mrefu, mwenye sauti, ambaye siku nyingine husinzia. Wengine wote wabunge. Spika hakuna aliyetaka, kwa sababu vijana wanadhani Spika kazi yake ni kunyamazisha watu. Mwalimu akanitazama benchi la nyuma. "Mama wa mishahara, njoo." Nikaenda. Akatueleza kwamba Spika wa Marekani hasimami katikati kama tunavyotarajia yule wa Dodoma asimame. Ni kiongozi wa chama chenye wingi, anapigana upande wake mchana kweupe. Hilo lilinipa uhuru fulani, siwezi kukataa.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine. Aliwachukua wavulana watatu wadogo wa kidato cha pili, wanaokuja kwa ajili ya hesabu, akawakalisha mkekani karibu na mlango na kuwaambia nyie ni askari mlioko Baghdad. Akaweka mbele yao pakiti ya biskuti za glukosi. Kila mzunguko utakaokwisha bila makubaliano, alisema, ataondoa biskuti tatu. Wale watoto wakaanza kutufuatilia kwa macho kuliko mtu yeyote chumbani.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mwepesi. Wabunge tukampa Rais fedha, tena tukamzidishia kama walivyofanya wenyewe. Muswada wao ulifika dola bilioni 124, lakini ndani yake ulikuwa na tarehe: askari waanze kuondoka Iraq kabla ya kupita 1 Oktoba 2007, na lengo liwe kumaliza ndani ya siku 180. Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 218 dhidi ya 208, Seneti 51 dhidi ya 46. Sisi tulikuwa wapiga kura 15, ukapita 8 kwa 7. Nikausaini kwa kalamu ya mpwa wangu.

Pelosi aliupeleka Ikulu tarehe 1 Mei 2007. Miaka 4 kamili kabla ya hapo, 1 Mei 2003, Bush alihutubia juu ya meli ya kivita Abraham Lincoln, nyuma yake bango la kwamba kazi imekamilika. Mwalimu alisema mnaweza kuiita sadfa mkipenda. Siku hiyohiyo Rais akapiga kura ya turufu, yaani akaukataa muswada, ya pili tu tangu aingie madarakani, na kalamu aliyotumia alikuwa amepewa na baba wa askari wa majini aliyeuawa Iraq. Mimi hapo nilisimamisha darasa. Niliwaambia vijana watazame hiyo kalamu vizuri. Hoja ya bajeti unaweza kuijibu kwa hoja ya bajeti. Kalamu ya baba aliyefiwa utaijibu na nini?

Bodaboda wetu alipewa kalamu ya kawaida, lakini alielewa mchezo haraka. Alikataa muswada, akasimama pale karibu na mkeka, akanyoosha mkono kwa wale watoto. "Mnawaona? Mimi niliomba hela yao. Hawa ndio wameweka masharti." Mwalimu akaondoa biskuti tatu. Binti mmoja ambaye mama yake anauza samaki pale Deep Sea, na ulimi wake unajua mnada, akaruka: "Na aliyewapeleka nani?" Darasa zima likapiga meza. Nikaona ubishi mzuri kuliko nilioukuta kwenye vikao vingi vya watu wazima.

Tukajaribu kulipindua katazo lake, na hilo linataka theluthi mbili ya kura. Theluthi mbili ya 15 ni 10, sisi tukaambulia 8 wetu walewale. Wenzetu tarehe 2 Mei walipata 222 dhidi ya 203, pungufu kwa kura 62. Na hapo ndipo karatasi ya kukariri inapoishia na somo lenyewe linapoanza. Bunge haliwezi kumlazimisha Rais. Rais hawezi kujipa hela. Rais wa Marekani hana uwezo wa kulivunja Bunge, na Bunge haliwezi kumfukuza kwa sababu tu halikubaliani naye. Wote wamekwama chumba kimoja mpaka tarehe ya uchaguzi, na wale mkekani wanahesabu biskuti.

Mzunguko uliofuata ulikuwa kelele. Kundi moja likasema tusilete muswada wowote, tukae kimya, maana bila muswada hakuna fedha, na bila fedha vita vinakwisha. Kisheria wako sawa kabisa. Hiyo njia haihitaji theluthi mbili ya mtu. Mwalimu akawapa mfano kwamba iliwahi kuwezekana: mwaka 1973 Bunge lilikata fedha za mapigano ya Marekani huko Indochina, yaani Vietnam na jirani zake, kuanzia 15 Agosti, na Rais wa wakati ule, Nixon, akalazimika kukubali. Lakini wakati ule, akasema, askari wa nchi kavu walikuwa wameshatoka Vietnam. Kilichokatwa zaidi kilikuwa mabomu ya ndege. Mwaka 2007 kulikuwa na watoto wa watu zaidi ya laki moja mchangani. Akaondoa biskuti tatu nyingine bila kusema neno. Mmoja wa wale wadogo akalalamika kwa sauti, na kura mbili za upande wangu zikahama palepale.

Niliwaona wakihama, wala sikushangaa. Shambani kwetu iliwahi kutokea makao makuu na meneja wakabishana juu ya fungu la kulipia vibarua. Makao makuu wanasema idadi ya wakata mkonge ipunguzwe kwanza, meneja anasema nipeni hela kwanza. Kila mmoja alikuwa na barua yake nzuri, yenye muhuri. Jumamosi ya malipo wakata mkonge hawakwenda kwa mwenye barua. Walikuja dirishani kwangu, mikono imechanika kwa miiba, wanauliza hela iko wapi. Mwenye funguo za sanduku ndiye anayelaumiwa, hata kama aliyeanzisha deni yuko mbali anakunywa chai. Rais anajua hilo. Ndiyo maana yeye anaweza kusubiri kuliko Bunge. Mamlaka ya mfuko yanasifiwa sana vitabuni, lakini mfuko ukiufunga wakati watu wako foleni, wewe ndiye unayeonekana, na aliyewapanga foleni anatoweka machoni.

Nilisema hivyo darasani, kwa maneno mengi kidogo. Bodaboda akaniambia, "Shikamoo Spika, sasa si uliseme wakati wa kampeni." Watoto wa siku hizi.

Mwishowe tulifanya walichofanya. Tarehe 24 Mei 2007 mabaraza yote mawili yalipitisha fedha za vita bila tarehe ya kuondoka: Wawakilishi 280 dhidi ya 142, Seneti 80 dhidi ya 14. Rais akasaini kesho yake, takriban dola bilioni 120 kwa jumla. Badala ya tarehe kulikuwa na vigezo 18 ambavyo serikali ya Iraq ingepimwa navyo. Na ndani ya sheria hiyohiyo ya vita, Wademocrat wakaingiza kima cha chini cha mshahara kipande kwa kipande, kutoka dola 5.15 kwa saa hadi 7.25. Pelosi mwenyewe, Spika, aliziacha fedha za vita zifike kwenye kura, kisha kura yake akaipiga kuzikataa.

Mwalimu aliandika ubaoni: BUNGE LILISHINDWA. Hapa ndipo mimi na yeye tunapoachana njia, na nimemwambia hata mbele ya wanafunzi. Mtu wa mishahara hawezi kuita kushindwa jambo lililopandisha kima cha chini kwa dola 2 na senti 10. Kima kile kilikuwa hakijapanda tangu 1997. Aliyekuwa anaosha vyombo hotelini Mississippi aliipata hela yake kwenye muswada wa vita vya Iraq, na sidhani aliirudisha kwa sababu ya ubaya wa njia iliyopitia. Halafu kuna majina. Barack Obama na Hillary Clinton walikuwa miongoni mwa wale 14 waliokataa. Joe Biden alikubali, kwa hoja kwamba askari wanahitaji magari yanayohimili mabomu ya barabarani. Wote watatu walikuwa wanautaka urais wakati huo. Mwaka uliofuata Obama na Biden wakagombea pamoja, tiketi moja, na kura zao za siku ile zimekaa kwenye kumbukumbu, moja huku nyingine kule. Kura iliyoandikwa ni mali. Haikuondoa askari hata mmoja Iraq mwezi ule, lakini miezi kumi na minane baadaye watu waliisoma wakapigia kura. Mwalimu alifuta LILISHINDWA akaandika alama ya kuuliza. Nilimheshimu kwa hilo, maana wengi wangeficha chaki.

Biskuti zilizobaki waligawana wale wadogo. Waligombana.

Yaliyo mabaya nayo niyaseme. Mtihani wa Uraia unajibiwa kwa Kiingereza, na zoezi hili lote liliendeshwa kwa Kiswahili, isipokuwa nusu saa ya mwisho ambapo waliandika majibu. Nusu saa haitoshi. Mpwa wangu alieleza kura ya turufu kwa Kiswahili mpaka nikajivunia, akaja kwenye karatasi akaandika mistari mitatu. Mzazi anayelipa kwa ajili ya cheti ana haki ya kudai saa nzima ya kuandika. Pia vijana wanaochelewa wanaingia katikati wakisalimia kila mtu, shikamoo kwa shikamoo, na hoja inakatika. Na mwalimu asipoweka muda, wenye sauti wanakula muda wa wapole. Kuna kijana wa Sahare ambaye sikusikia sauti yake jioni nzima.

Kasoro kubwa zaidi ni ya mpangilio. Swali la "na sisi je?" lilikuja mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshashika mifuko, na akalijibu wima. Majibu yalistahili jioni yao. Kwa Katiba yetu, Ibara ya 44, Rais ndiye anayetangaza hali ya vita, kisha Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 kuamua kama linaunga mkono. Ibara ya 97 inasema Rais akikataa muswada unaweza kurudi kwake kwa theluthi mbili ya wabunge, na hapo ama anausaini ndani ya siku 21 ama analivunja Bunge. Na Ibara ya 90 inampa uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Someni hizo tatu mkizipanga pamoja. Mchezo wa biskuti ukichezwa Dodoma unabadilika wote, kwa sababu mmoja wa wabishanaji anaweza kuwarudisha wenzake majimboni kabla biskuti hazijaisha. Sijasema ni vibaya au vizuri. Nasema kijana anayefanya mtihani wa Uraia wa Tanzania angelijadili hili kwa saa mbili na asingelisahau.

Vita vyetu vikubwa, vile vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, havikugawanya Bunge na Rais. Mwalimu Nyerere alisema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, na nchi ikaitikia. Bili ilikuja baadaye. Tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18, na aliyekuwa mtoto wakati ule kama mimi anakumbuka foleni za sabuni kuliko anavyokumbuka hotuba. Hakuna aliyekuja kutuambia miezi 18 imekwisha.

Halafu Historia. Alhamisi kijana huyuhuyu anafundisha Historia, na kwenye daftari la mpwa wangu yamo mambo ambayo yalipaswa kukaa meza moja na haya ya Uraia ya Jumanne. Mimi kwa mama ni mtu wa Pangani. Kila mtoto wa Pangani ameambiwa kwamba Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa pale Desemba 1889. Lakini vita vile vilikuwa na karatasi ya malipo. Kampuni ya Wajerumani ilipofukuzwa na watu wa pwani mwaka 1888 ilikuwa haina ubavu wa kurudi. Mwanzoni mwa 1889 Bismarck, Chansela, yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani, akaenda bungeni Berlin na maombi ya mark milioni 2, akayapamba kwa sababu ya kukomesha biashara ya watumwa, na hapo chama cha Wakatoliki kikaona haya kukataa. Wasoshalisti walipinga, wakazidiwa. Kwa hela ile ofisa wao Wissmann akaajiri askari wa Kisudani kutoka Cairo na wengine kutoka Msumbiji, na Mei akaivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Kura ya bunge la mbali ilifika Pangani ikiwa imeshika bunduki.

Tena yapo ya 1906, yanayofanana zaidi na ya Bush na Pelosi. Wajerumani walikuwa wanapigana na Wanama na Waherero kusini magharibi, Namibia ya leo, huku kwetu Maji Maji ikiwa haijazimika. Serikali ikaomba fedha za nyongeza, Bunge likakataa. Desemba 13 Chansela von Bülow akalivunja, akaitisha uchaguzi Januari 1907, akaupiga kwa ngoma ya uzalendo, na kambi yake ikarudi na wingi. Hapo una mabunge mawili na miaka mia moja katikati, mbinu ya kumlaumu anayeshika mfuko ni ileile, tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na kisu cha kulivunja Bunge na mwingine hakuwa nacho. Mwalimu anafundisha yote mawili, siku mbili tofauti, kana kwamba hayajuani. Nimemshauri. Ameandika kwenye kitabu chake kidogo, tutaona.

Nani asiende? Mzazi anayetaka mtoto apewe notisi za kuimla na kukariri, kipo kituo kingine kizuri tu kwa kazi hiyo upande wa Makorora, chenye feni tatu. Mtoto asiyevumilia kelele atapata taabu. Anayejiandaa na Hisabati aulize kwanza, maana mwalimu wa Hisabati anakuja siku anazojisikia. Lakini mwenye kijana anayejua majibu na hajui maana yake, ampeleke. Mpwa wangu sasa taarifa ya habari ikitaja bunge la nchi yoyote anauliza wana theluthi mbili au hawana.

Nyota nne. Ya tano ameikosa kwa fotokopi na kwa nusu saa ya Kiingereza.

Uraia ni Jumanne, Historia Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, mkishaswali Magharibi mnaingia. Mwezi ujao zoezi ni sheria ya Marekani ya 1973 inayomtaka Rais akipeleka askari vitani bila idhini ya Bunge awarudishe baada ya siku 60, ile ambayo Nixon aliikataa na tarehe 7 Novemba Bunge likalipindua katazo lake, theluthi mbili zikapatikana kweli. Wadogo wa kidato cha pili wameshauliza kama biskuti zitakuwa zilezile. Nafasi ya Nixon ilikuwa wazi mpaka Alhamisi iliyopita. Mpwa wangu kaichukua, na bodaboda amehamia upande wa wabunge.